Tiramisu ipunguziwe krimu, si kahawa

Mhariri,

Nimesoma kwa makini maelekezo ya kuandaa tiramisu nyepesi yaliyotolewa katika ukurasa wenu wa mapishi, nami naunga mkono nia yake huku nikipinga njia yake. Nia ni njema, kwa kuwa kitindamlo hiki cha Kiitaliano, chenye tabaka za biskuti zilizolowa kahawa na tabaka za krimu ya jibini laini, sasa kinapatikana katika mikahawa mingi ya Nairobi, na hata sisi tunaooka keki nyumbani kwa oda huagizwa tukiandae kwa ajili ya harusi na sherehe za kuhitimu, mara nyingi na watu ambao wamekwisha kuambiwa na daktari wapunguze mafuta na sukari. Njia ndiyo yenye kasoro. Mwandishi ameelekeza krimu ya kupiga itumike kama kawaida, sukari iondolewe na mahali pake itiwe ya bandia, kisha kahawa izimuliwe kwa maji ili isiwe kali. Atakayefuata maelekezo hayo atapata bakuli la krimu tamu lililo zito vilevile, ila halina tena ladha iliyomfanya mlaji aagize tiramisu badala ya keki ya vanila.

Kabla ya kupunguza chochote ni lazima mtu ajue uzito umekaa wapi. Tiramisu ya kawaida ya kutosha watu 8 huchukua takriban gramu 500 za mascarpone, viini 4 vya mayai, sukari gramu 100, biskuti ndefu za savoiardi gramu 250, kahawa kali mililita 300 hivi, na kakao ya kunyunyiza juu. Mascarpone haifanani na jibini tunayoikata vipande na kuila kwa mkate. Ni krimu iliyopashwa moto ikatiwa asidi hadi ikaganda, na zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta. Maana yake ni kwamba katika hizo gramu 500, gramu 200 na ushei ni mafuta, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu ya sukari ina kalori 4. Kahawa isiyo na maziwa wala sukari karibu haina kalori hata moja. Kwa hiyo anayezimua kahawa hajampunguzia mlaji chochote ila ladha, na anayebakiza krimu yote ameuacha mzigo pale pale ulipokuwa.

Najua wapo watakaosema kwamba mapishi ya kale hayaguswi. Tiramisu si ya kale. Wengi huihusisha na mkahawa wa Le Beccherie katika mji wa Treviso, kaskazini mashariki mwa Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ingawa watu wa jimbo jirani la Friuli Venezia Giulia nao hudai kuwa ni yao, na mwaka 2017 iliorodheshwa rasmi huko miongoni mwa vyakula vya jadi vya jimbo lao, jambo ambalo liliwaudhi sana watu wa Treviso. Vyovyote itakavyoamuliwa, kitindamlo kilichojulikana baada ya sisi kupata Uhuru hakiwezi kudai heshima ya mababu. Ni vyema pia kukumbuka kwamba tiramisu inayohusishwa na Treviso haikuwa na pombe. Mvinyo wa Marsala na ramu viliongezwa baadaye na wapishi wengine, hivyo Mwislamu anayeiandaa bila pombe hajaipunguzia kitu, na asikubali kuambiwa kwamba yake si ya kweli.

Sasa nije kwenye krimu, ambako ndiko kazi iliko. Hapa Nairobi tuna kitu ambacho mpishi wa Treviso hana jikoni mwake, nacho ni maziwa lala. Maziwa lala yakichujwa vizuri, au yogati isiyo na sukari wala ladha ya matunda ikichujwa, hutoa kitu kizito, cheupe na laini kinachoweza kushika nafasi ya sehemu kubwa ya mascarpone. Mimi huchukua gramu 800 za yogati ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, nikatandika kitambaa cheupe cha pamba chepesi, kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato, juu ya chujio lililowekwa kwenye bakuli, nikamimina yogati humo, nikakunja pembe za kitambaa na kuacha vyote ndani ya friji tangu jioni hadi asubuhi. Usiku kucha maji ya rangi ya manjano inayoelekea kijani hudondoka taratibu, na kulipokucha yogati hubaki karibu nusu ya uzito wake. Dalili ya kwamba imeiva ni kwamba kitambaa hubanduka chenyewe bila kuondoka na tabaka nene, na kijiko kikichomekwa katikati husimama. Maji yale yasimwagwe, kwani hukandia chapati zikawa laini ajabu.

Maziwa lala huhitaji muda mrefu zaidi kuliko yogati kwa kuwa ni mepesi, tena uchachu wake ni mkali zaidi, na huo lazima uzingatiwe katika kupima vitu vingine. Asidanganyike mtu akataka kuharakisha kwa kuyapasha moto ili yakatike upesi. Yatakatika, ndiyo, lakini yatatoa chembechembe zinazokwaruza ulimi, na chembe hizo hazilainiki tena hata zikipigwa kwa mashine. Wanaonunua maziwa kwenye zile ATM za mitaani, yaani mashine za kuuzia maziwa, wanaweza kutengeneza yogati yao wenyewe kwa kuyachemsha, kuyaacha yapoe hadi yawe ya uvuguvugu, kisha kuyatia vijiko viwili vya yogati yenye bakteria hai na kuyafunika usiku mzima mahali penye joto. Gharama yake hailinganishwi na ya kile kikopo kidogo cha mascarpone kinachotoka ng'ambo.

Hata hivyo, mimi siondoi mascarpone yote, na hapa natofautiana na baadhi ya waokaji wenzangu. Katika gramu 400 za yogati iliyochujwa huongeza gramu 100 za mascarpone, kwa sababu mafuta hubeba harufu ya kahawa na kakao na kuikalisha mdomoni, jambo ambalo yogati pekee haiwezi kulifanya, na kwa sababu mafuta hayo hutuliza uchachu. Mtu akiondoa yote anapata kitindamlo kikavu chenye ladha ya yogati ya asubuhi. Akibakiza moja ya tano tu ya ile mascarpone ya awali, ulimi hauoni pengo, ilhali mafuta katika bakuli zima hushuka mno.

Kuna hila moja katika kuchanganya ambayo sikuiona katika maelekezo yenu. Sukari ikitiwa moja kwa moja kwenye yogati iliyochujwa na kukorogwa kwa nguvu, yogati hulegea na kuwa kama uji, na kazi yote ya usiku ikapotea. Sukari ipelekwe kwenye ute wa mayai. Chukua ute wa mayai 2 na sukari gramu 60, viweke kwenye bakuli lililokalia sufuria ya maji yanayotokota polepole, bila bakuli kugusa maji, na ukoroge bila kupumzika hadi sukari iyeyuke na mchanganyiko uwe moto sana. Mwenye kipimajoto angoje nyuzi 71, kwa kuwa mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na kitindamlo hiki hakipikwi baadaye. Kisha utoe kwenye moto na uupige hadi uumuke, ung'ae na usimame wenyewe. Huo ndio utakaorudisha wepesi wa mdomoni ambao mascarpone hutoa ikiwa imechanganywa na viini. Uingize katika mchanganyiko wa yogati na mascarpone kwa mwiko mpana, ukigeuza kutoka chini kwenda juu kwa mikono mitatu minne, na ukome mara tu mistari myeupe inapotoweka. Viini vinavyobaki visitupwe; vitaingia katika mayai ya kukaanga ya kesho.

Nirudi kwenye kahawa, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Pwani yetu ina desturi ambayo mwandishi wenu angeifikiria asingezimua kahawa. Mombasa na Lamu muuza kahawa hupita na dele lake, yaani birika la kahawa, akimimina kahawa chungu, isiyotiwa sukari, katika vikombe vidogo, na mnywaji huishushia na kashata, tende au kipande cha halua. Desturi hiyo imefika hata Eastleigh na Majengo. Hakuna anayetia sukari ndani ya kikombe, kwa sababu utamu uko pembeni, na ule uchungu ndio unaofanya kipande kidogo cha halua kitoshe. Tiramisu hufuata kanuni hiyo hiyo: kahawa ikiwa kali na isiyo na sukari, krimu haihitaji utamu mwingi ili ionekane tamu, na kipande chenyewe kinaweza kuwa kidogo bila mlaji kunung'unika. Ukizimua kahawa, mlaji hutafuta ladha mahali pengine, nawe unalazimika kuongeza sukari.

Kahawa iwe ya kusagwa, si ile ya unga unaoyeyuka. Tunaishi katika nchi ambayo kahawa yake huwaniwa na wachomaji wa ng'ambo, wanaoilipia kwa sababu ya uchachu wake wa kupendeza unaofanana na wa zabibu nyeusi, na kahawa ya Nyeri, Kirinyaga, Kiambu na Murang'a inauzwa ikiwa imechomwa katika maduka ya jiji hili hili. Ni aibu ndogo, lakini ni aibu, kuona maelekezo ya kitindamlo cha kahawa yaliyoandikwa Nairobi yakiagiza kopo la unga. Uchachu huo huo, hata hivyo, unataka uangalifu. Kahawa yetu ikichomwa kidogo huwa na ukali unaofanana na wa matunda, na ukikutana na uchachu wa yogati hutoa kitindamlo kinachokunja uso. Chagua iliyochomwa hadi ikakaribia weusi, ambayo uchachu wake umepungua na uchungu wake umeongezeka, na usione haya kununua daraja la chini ya AA. Herufi hizo hupima ukubwa wa punje, na katika tiramisu ukubwa wa punje hauna la kufanya.

Kwa mililita 350 za maji weka gramu 40 za kahawa, ambayo ni karibu mara mbili ya kahawa ya kunywa kifungua kinywa. Asiye na mashine ya espreso asijali. Birika la kioo lenye chujio la kusukuma linatosha, na hata sufuria inatosha ikiwa kahawa itachujwa kwa kitambaa. Vitabu vya ng'ambo humwambia msomaji angoje kidogo baada ya maji kuchemka ili yasiiunguze kahawa, lakini Nairobi, kwa kuwa iko juu ya mwinuko wa mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari, maji yake huchemka yakiwa na takriban nyuzi 94 tu, joto ambalo ndilo kahawa inalolitaka. Mimina papo hapo. Iache dakika 4, ichuje, na iache ipoe kabisa kabla ya biskuti kuikaribia. Anayependa kunukiza atie punje mbili za iliki zilizopondwa wakati kahawa ingali moto. Tangawizi, ambayo hupendeza sana katika kahawa ya dele, hapa nimeiona ikigombana na kakao.

Biskuti za savoiardi zinapatikana katika maduka makubwa lakini ni ghali, na zaidi ya theluthi ya uzito wake ni sukari, jambo linalosahauliwa na wanaohesabu sukari ya krimu peke yake. Mimi huoka keki ya sponji isiyo na siagi, kwa mayai 3, sukari gramu 60 na unga gramu 90, nikaikata vipande vya unene wa kidole na kuvirudisha katika oveni yenye moto mdogo hadi vikauke na kuwa vigumu kama mkate wa kukaushwa. Vikauke kwelikweli, kwani kipande chenye unyevu hakinywi kahawa sawasawa. Kuchovya nako kusichukue muda: upande mmoja, upande wa pili, toa. Kipande kilichovunjwa katikati kionyeshe mstari mwembamba mkavu, nao utalowa wenyewe katika friji. Aliyeacha biskuti zielee katika kahawa atakuta kidimbwi cha maji ya kahawia chini ya bakuli, kisha atailaumu yogati.

Panga tabaka mbili mbili, funika, na uweke ndani ya friji kwa saa 6 angalau. Kakao isiyo na sukari inyunyizwe dakika chache kabla ya kuandaa mezani, si mapema, la sivyo hunyonya unyevu na kugeuka madoa.

Kwa hesabu yangu ya kalamu na karatasi, nikitumia viwango vya kawaida vinavyoandikwa kwenye vifurushi, kipande kimoja kati ya 8 vya tiramisu ya kawaida kina takriban kalori 470 na mafuta gramu 30, ilhali kipande cha ukubwa ule ule cha hii niliyoieleza kina takriban kalori 240 na mafuta gramu 10. Sukari hupungua kwa kiasi kizuri pia, lakini haitoweki, na sitaki msomaji adhani nasema vinginevyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, na likasema ni bora zaidi zikiwa chini ya nusu ya hizo. Kipande hiki bado kinachukua sehemu ya kiasi hicho. Mwenye kisukari na afuate ushauri wa daktari wake, asiufuate wa mwokaji keki.

Kuhusu sukari ya bandia sina ugomvi nayo kwa mwenye kuihitaji, ila katika kazi hii inaharibu zaidi ya inavyosaidia. Ute wa yai husimama imara kwa sababu ya sukari halisi iliyoyeyuka ndani yake, na ukitiwa matone ya kitamuzi hutoa povu linaloporomoka kabla bakuli halijafika kwenye friji. Gramu 60 za krimu zikigawanywa kwa watu 8 ni chini ya vijiko viwili vya chai kwa kila mmoja, na wapo majirani zangu wanaotia zaidi ya hivyo katika kikombe kimoja cha chai ya saa nne bila kumuuliza mtu.

Kuna jambo jingine linalohusu jiji hili kwa jumla. Mkahawa mmoja wa katikati ya jiji, ambao sitautaja, uliniuzia mimi na dada yangu kitu kilichoandikwa kwenye menyu kuwa ni tiramisu nyepesi, kwa bei iliyozidi ile ya kawaida. Kilikuja katika kikombe kidogo cha kioo, kikiwa na krimu ile ile ya kupiga, na nilipomuuliza mhudumu kwa adabu ni nini kilichopunguzwa, alikwenda jikoni akarudi na jibu kwamba ni kipimo. Kupunguza kipimo si kosa, na mara nyingine ndiyo njia ya haki kuliko zote, lakini kuite kipande kidogo na ukitoze bei ya kipande kidogo. Neno nyepesi likiandikwa kwenye menyu, mteja ana haki ya kuambiwa ni wepesi wa nini: mafuta, sukari, au mfuko wake.

Ndiyo maana naomba, Mhariri, kwamba ukurasa wenu wa mapishi utakapochapisha tena maelekezo ya chakula kilichopunguzwa uzito, uweke vipimo kwa gramu badala ya vikombe, kwa kuwa vikombe vya nyumba zetu havilingani, na uonyeshe kando ya kila kitu kilichobadilishwa kilikuwa kiasi gani hapo awali. Na yale maelekezo ya tiramisu yarekebishwe katika sehemu mbili: kahawa isizimuliwe, na krimu ya kupiga ibadilishwe kwa yogati au maziwa lala yaliyochujwa usiku mzima. Msomaji asiye na nafasi ya kuchuja usiku anaweza kuanza alfajiri na kuandaa tabaka mchana, mradi wageni wake wasifike kabla ya saa mbili za usiku.

Mwokaji wa keki za oda,
South B, Nairobi